Bado ya Madam wa Sifa

Tulimwita Madam wa Sifa, na hilo jina lenyewe lilikuwa fujo tangu mwanzo. Mtu asiyemjua angedhani ni mwanamke wa kupenda sifa, ama wa kusifu watoto wa watu. Hakuwa hivi wala vile. Kwa miaka minne aliyonifundisha sikumsikia akimsifu mtu, na yeye ukimsifu alikuwa anageuka kuangalia nyuma, kama unaongea na mwingine. Sifa zilizompa jina zilikuwa nane, zimeandikwa kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila ukutani, na kazi yake ilikuwa kuzitoa kule ukutani na kuziingiza ndani yetu. Kama alifaulu, sijui. Nimejaribu miaka mingi kumpanga huyu mwanamke kichwani mwangu, na kila nikimaliza kuna kipande kinabaki mkononi.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Kericho, ya kimataifa, yaani mtaala ulitoka ng'ambo na ada haikutajwa mbele ya watu kama mama yangu. Waliosoma pale walikuwa watoto wa mameneja wa mashamba ya chai, wa madaktari, wa wenye maduka makubwa mjini. Kila darasa lilikuwa na nafasi moja ya mtoto wa kufadhiliwa, na katika darasa letu mtoto huyo alikuwa mimi. Mama alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai kabla sijazaliwa, akabaki. Nilikuwa nikitoka kwenye nyumba za wafanyakazi asubuhi nikiwa na tai shingoni, watoto wenzangu wananipigia saluti kwa mzaha.

Huo mtaala haukutaka tujue hesabu na historia tu. Ulitaka tutoke pale tukiwa watu kamili: wadadisi, wakweli, wasikivu, wenye kujali, wenye kuthubutu, wenye kutafakari, wenye akili iliyofunguka. Hizo ni saba. Ya nane iliandikwa "aliyekamilika pande zote", na Madam mwenyewe ndiye aliyeitafsiri hivyo ili wazazi waelewe. Mwenzetu mmoja alimuuliza pande zote ni ngapi. Alifikiri mpaka tukaanza kuoneana haya, kisha akasema, "Ukihesabu zako uniambie, na mimi nihesabu zangu."

Sijui alizaliwa wapi wala kwao ni kina nani, na sitajifanya najua. Najua gumboots zake. Alikuja nazo kila siku kutoka alikopanga, akazivua getini, akavaa viatu vyeusi vya kisigino kifupi, na gumboots akamwachia bawabu, pua zikielekea barabarani. Najua sweta yake ya kijani iliyofungwa kifungo kimoja tu, cha katikati. Najua alikula mahindi ya kuchemsha akisahihisha, na daftari langu la mwaka wa pili mpaka leo lina ganda la punje moja limekauka kwenye ukurasa wa insha.

Sasa hizo sifa zenyewe, wacha niseme jinsi alivyozibeba.

Alitufundisha kuthubutu, na yeye alikuwa mwoga ajabu. Mara mbili shule ilitaka kumpeleka ng'ambo kwa mafunzo, karibu kila kitu kimelipwa. Mara ya kwanza alisema ng'ombe wake anakaribia kuzaa. Mwaka uliofuata akaulizwa tena, akasema ng'ombe anakaribia kuzaa, na mkuu wa shule akamuuliza ni yuleyule. "Ni yuleyule," akajibu, bila hata kutabasamu. Sisi tulisimuliwa na karani wa ofisi, tukacheka wiki nzima. Lakini ni huyohuyo aliyesimama mbele ya wazazi wote, na mwenyekiti wa bodi amekaa pale, akasema chakula cha mchana cha walimu na cha wafanyakazi wa jikoni kitoke kwenye sufuria moja, au yeye ale nao nyuma. Alikula nao nyuma muhula mzima mpaka sufuria ikawa moja. Niambie basi huyo ni mwoga ama si mwoga.

Alitufundisha akili iliyofunguka. Kila muhula kulikuwa na siku ya kula vyakula vya kila mtu, na mama yangu akaleta omena, dagaa wa kwetu ziwani, aliowaunga kwa maziwa na nyanya, amewafunika kwa kitambaa kipya. Madam aliwatazama kwenye sahani muda mrefu. "Mama, pole. Hawa wananiangalia," akasema. Mama alicheka, lakini aliumia, namjua. Yeye naye alipopewa mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwa kibuyu cha Madam alikunywa kikombe chote kwa heshima, halafu njiani akaniambia kwamba hayo maziwa yalikuwa na makaa ndani na wote waliona wakanyamaza.

Udadisi alitusukuma kama mtu anayechunga mbuzi. Uliza, uliza tena, usikubali jibu la kwanza. Siku moja Chelangat, aliyekaa dawati moja na mimi, akamuuliza kama ana bwana. "Hiyo si udadisi," akasema. "Hiyo ni umbea. Fungueni ukurasa wa kumi na tisa."

Ukweli ndio ulionichanganya zaidi, na ndio niliokuja kuusema hapa.

Alikuwa na tabia moja. Alirudisha karatasi za mtihani na zingine zilikuwa na alama zilizojumlishwa vibaya. Wakati mwingine umepewa kumi zaidi, wakati mwingine umepunguziwa tano. Karatasi nyingine ilikuwa yako lakini juu amekuita jina la mwingine, au amekupa karatasi nzuri ya jirani yako kana kwamba ni yako. Halafu alikaa, akamenya mahindi, akangoja. Siku moja Chelangat aliona amezidishiwa kumi. Alisimama mbele ya darasa zima akasema. Madam alichukua karatasi, akakata zile kumi kwa kalamu nyekundu, akamrudishia. Hakusema vizuri, hakusema asante. Tulimzomea Chelangat mpaka jioni.

Basi darasa likaamua ni mtego. Tukawa tunajumlisha alama zetu kwa kidole kabla hajafika mezani. Lakini mimi nilimwona siku moja ofisini akijumlisha mahudhurio ya shule kwenye karatasi ya pembeni, saba na nane, akapata kumi na nne, akafuta, akapata kumi na sita, akauma kalamu. Kwa majina pia alikuwa hivyo, aliweza kumwita bawabu kwa jina la mkuu wa shule. Kwa hivyo ulikuwa mtego ama hakujua hesabu? Nilimuuliza Chelangat. Akaniambia haijalishi. Kwake haikujalisha kweli, alikuwa mtu wa namna hiyo. Kwangu mimi ilijalisha sana, na utaona kwa nini.

Halafu kulikuwa na bado.

Mwisho wa kila mwaka mwalimu wa sifa alijaza fomu moja kwa kila mtoto. Sifa nane zimechapwa katikati, mbele yake, kushoto, kuna ukingo mwembamba, na nyuma yake, kulia, mstari mrefu wa kuandikia maoni. Mkuu wa shule alitaka namba, moja mpaka saba, kwa sababu fomu zilikwenda ng'ambo na kule walipenda namba. Madam aliandika neno moja kwenye kila mstari. Mdadisi, bado. Msikivu, bado. Mwenye kujali, bado. Mtoto wa daktari, bado nane. Mtoto wa mwenyekiti wa bodi, bado nane. Wazazi walikasirika wakaja. Baba mmoja alimuuliza, bado mpaka lini, na tunalipa ada yote hii. "Mpaka mimi nistaafu," akamwambia. "Halafu uulize mwingine." Mkuu wa shule akachoka, akawa anajaza namba zake mwenyewe kwenye karatasi nyingine, na ile ya Madam ikabaki kwenye faili.

Lakini kamati ya ufadhili haikusoma namba za mkuu. Ilisoma ile ya Madam, kwa sababu wafadhili walisema wanataka maneno ya mwalimu anayemjua mtoto. Kila mwanafunzi wa kufadhiliwa alipimwa mwisho wa mwaka wa nne, akubaliwe miaka miwili ya mwisho au arudi alikotoka. Kwangu, kurudi nilikotoka kulimaanisha kikapu mgongoni. Mama alilijua hilo kuliko mimi. Alikuwa akiniambia, "Wewe soma. Chai haiishi, utaikuta."

Na ili kamati ikufikirie, ulihitaji kitabu cha utumishi kilichojaa. Kila Jumamosi uende umsaidie mtu asiye wa nyumbani kwenu, uandike ulichofanya, Madam atie sahihi. Mimi nilipewa mzee mmoja aliyekuwa zamani mpishi wa meneja, anakaa chumba kimoja nyuma ya kanisa, macho yamemwisha. Kazi yangu ilikuwa kumsomea gazeti. Alitaka matangazo ya vifo kwanza. "Nijue nimewapita kina nani," alisema, akacheka peke yake, halafu michezo. Nilimpenda yule mzee. Naomba hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Mwaka wa nne mama aliumia kifundo cha mkono. Siku za wiki wenzake shambani walimsaidia, wakamfichia. Jumamosi alikuwa akichuma kwa mkulima mmoja, na huyo mkulima alisema wazi kwamba asipoweza ataweka mtu mwingine. Nikaenda shuleni nikauliza kama kumsaidia mama kuchuma kunaweza kuandikwa utumishi. Mkuu wa shule akasema hapana, kumsaidia mama yako ni adabu, si utumishi. Alisema kwa upole sana. Nikatoka pale nikiwa na hasira ambayo bado ninayo kidogo.

Kwa hivyo Jumamosi nilichuma na mama, majani mawili na chipukizi, mvua ikitukuta saa nane kama kawaida ya huko, na Jumapili nikaandika kwenye kitabu: "Nimemsomea mzee gazeti. Mzee mzima." Wiki nyingine: "Nimemsomea mzee gazeti. Mzee mzima. Amecheka." Jumatatu nilipeleka kitabu, Madam akatia sahihi bila kuinua macho. Niliendelea hivyo wiki sita. Nilijiambia mkono wa mama ukipona nitamrudia mzee nimsomee magazeti yote ya nyuma kwa mpigo.

Mkono ulipopata nafuu nikaenda. Mlango ulikuwa na kufuli, na nje mwanamke ameanika mahindi. Nikamuuliza mzee yuko wapi.

"Yule? Si alipelekwa Longisa hospitali, akafia huko," akasema. "Wiki ya tatu hii tangu azikwe, kwao Bomet. Hata mwalimu wenu alikuja kwa mazishi. Yule wa gumboots."

Nilirudi nyumbani nikafungua kitabu. Nilihesabu kurudi nyuma. Jumamosi tatu nilizoandika mzee mzima, mzee alikuwa kaburini, na moja ya hizo nilikuwa nimeandika amecheka. Na kwenye kila mstari, hiyo mitatu pia, ilikuwa pale, sahihi ya Madam wa Sifa, mwanamke aliyesimama kwenye kaburi la huyo mzee.

Nilikaa na hicho kitabu magotini nikijaribu kumwelewa. Huenda hasomi, anatia sahihi tu. Lakini huyu ni mtu aliyesoma insha mpaka nukta. Huenda hakujua kwamba mzee wangu ndiye yule mzee. Lakini ni yeye aliyenipeleka kwake siku ya kwanza. Huenda ni mtego na anangoja. Na kama anangoja, mbona ametia sahihi, mbona uongo wangu sasa una jina lake pia? Mtu wa kuninasa hangejinasa mwenyewe. Nikakosa pa kushika.

Ningeenda kumwambia. Kila mtu aliyesoma mpaka hapa anasema hivyo. Sikuenda. Jumapili ile niliandika, "Mzee amehama." Na Jumatatu Madam akasoma, namwapia Mungu niliona macho yake yakienda kwenye mstari, akatia sahihi.

Baada ya hapo ikaja siku ya wazazi. Niliogopa hiyo siku kuliko mtihani. Mama aliingia peke yake, mimi nikabaki nje kwenye benchi, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Jioni ile wanawake watatu wa kanisa letu walikuja nyumbani, wakaniweka katikati, wakaniombea kwa mikono kichwani. Nikamuuliza mama nimefanya nini.

"Mwalimu amesema wewe ni mtoto mzuri, lakini kuna kitu kimoja," mama akasema. "Hujui kutubu."

Nililia, na wale mama wakafurahi wakidhani maombi yameingia.

Ilinichukua siku mbili kufikiria vizuri. Madam lugha yake ya kwanza ilikuwa Kipsigis, na ulimi wake haukuwa na "th". Kuthubutu kwake ilitoka "kutubutu", na akiwa na haraka ule mwisho aliumeza. Kuthubutu ilikuwa sifa ya tano. Ni kweli sikuwa mtu wa kuthubutu, darasani nilikuwa nanyamaza. Kwa hivyo huenda alimwambia mama kwamba sijui kuthubutu, mama akasikia kutubu, na wale wanawake wakaniombea bure. Chelangat alipoona hiyo hadithi ni ya kuchekesha akaisimulia darasa zima, na darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao kwa sauti. Lakini ndani nilikuwa nimesikia neno sahihi. Sikujua kama lilitoka kwa Madam au lilitengenezwa njiani na sikio la mama, na sijui mpaka sasa.

Kuna siku moja aliuliza darasani kama mtu anaweza kusema uongo kwa sababu nzuri. Kila mtu alipiga kelele. Mimi nilitazama dawati. Aliacha tubishane mpaka kengele, na tulipomwomba atoe jibu alikuwa anakusanya maganda ya mahindi kwenye gazeti. "Mimi mwenyewe nauliza," akasema, akaenda kutupa.

Kamati ilikaa mwezi wa kumi na moja. Asubuhi hiyo nilimkuta Madam getini anavua gumboots. Alichelewa kuvua. Alivua moja, akapumzika akiniangalia, akavua ya pili polepole. Nikamsalimia, nikapita. Najua sasa kwamba hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusimama. Mchana mkuu wa shule akaniita akitabasamu. Nimekubaliwa, miaka yote miwili.

"Madam wenu na ile bado yake," akasema. "Lakini wewe amekuandikia vizuri. Wanakamati wamependa. Eti miaka minne katikati ya watoto wa matajiri na huyu bado mkweli."

Mama alipewa nakala ya fomu, akaiweka ndani ya Biblia, na ndiyo ninayo leo. Mdadisi, bado, nyuma kwenye mstari. Msikivu, bado, nyuma. Zote saba zimeandikwa nyuma, kama za watoto wote. Kwenye mkweli peke yake, mstari wa nyuma una doa la wino, kama mtu alianza herufi akaacha, na neno limebanwa mbele, kwenye ule ukingo mwembamba. Kwa hivyo ukisoma kutoka kushoto inasema: Bado mkweli.

Kamati ilisoma kwamba mimi bado ni mkweli, kwamba sijaharibika. Mimi nikasoma kwamba kuwa mkweli, bado. Neno ni lilelile. Nilisoma miaka miwili kwa hilo neno, nikaenda chuo kikuu kwa hilo neno, nikapata kazi ya ofisi Kericho mjini, nikamtoa mama shambani, na kila mara nilipojaza fomu mahali panaposema kwamba nathibitisha maelezo haya ni ya kweli, mkono ulikuwa unasita. Je, aliniokoa kwa ujanja, akijua watasomaje? Ama aliandika hukumu yake palipobaki nafasi kwa sababu wino ulimwagika, na wao wakakosea? Kama aliniokoa, alidanganya, na yeye ndiye aliyetufundisha ukweli. Kama hakuniokoa, basi nilikaa kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyenipa.

Mwaka huu ile shule imeniita nikae kwenye kamati ileile. Fomu sasa ziko kwa kompyuta, hakuna pa kuandika neno, unachagua namba. Nilifungua ya kwanza, ya msichana mmoja, na kwenye mkweli mwalimu ameweka saba. Nikafunga kompyuta. Jumamosi nikaendesha gari mpaka Mogogosiek, ambako nilisikia Madam alistaafia.

Nilimkuta kwenye banda la kituo cha kuuzia chai, anangoja gari la kiwanda. Alikuwa amemwaga majani yake mezani, anachambua yaliyokomaa na kuyatupa chini kabla karani hajayakataa. Amezeeka mgongo lakini si mikono. Gumboots zilikuwa miguuni.

"Chamgei, Madam," nikamsalimia kwa Kipsigis.

"Chamgei mising." Aliniangalia, akanipima kuanzia viatu. "Chelangat," akasema. "Umenenepa."

Niliacha ipite. Watu walikuwa wengi kwenye banda, na nilidhani kumsahihisha mbele yao ni kumvunjia heshima. Nikaanza kumsaidia kuchambua ili mikono yangu iwe na kazi, nikamwambia nimekuja na jambo la zamani. Akasema niseme. Nikasema yote. Mzee, gazeti, mkono wa mama, mzee mzima, amecheka, amehama. Sikuwahi kulisema kwa sauti, hata kwa bwana yangu. Karani alikuwa anapanga mizani yake pale, akajifanya hasikii.

"Najua," Madam akasema. "Nilimzika."

"Mbona ulitia sahihi?"

Alichukua jani, akalivunja kikonyo kusikiliza kama ni gumu, akalitupa. "Hizo saa ulifanya kazi ama hukufanya?"

"Nilifanya. Lakini si kwa mzee. Kwa mama."

"Basi mimi nilitia sahihi saa. Ya mzee nilikuwa nangoja wewe."

"Na ile bado? Kwangu uliandika mbele. Kwa wengine wote uliandika nyuma."

Alifikiri, na kwa vile namjua sikumharakisha. "Nilianza kuandika, nikaacha, nikasema huyu atakuja asubuhi. Hukuja. Nikaandika penye nafasi."

"Ilikuwa na maana gani, Madam? Bado ni mkweli, ama ukweli bado?"

"Ilikuwa na maana ya bado," akasema, kana kwamba nimemuuliza chai ni nini. Halafu akafuta mikono kwa sweta. "Sasa si umekuja. Enda ukaifute, Chelangat."

Siwezi kueleza nilivyohisi. Nilimshukuru, nikamshika mikono yote miwili, nikatoka pale kwenye banda nikitembea kama mtu aliyetua kikapu. Nilifika kwa gari, nikafungua mlango, na hapo ndipo lile jina likanifikia.

Chelangat hakuwa na la kufuta. Chelangat alisimama mbele ya darasa na kumi zake. Kama Madam anadhani aliyeongea ni Chelangat, basi aliyesamehewa ni Chelangat, na mimi nimechukua tena karatasi nzuri ya jirani yangu nikaondoka nayo. Lakini pia, huyu ni mwanamke aliyeweza kukuita jina la mwingine akamenya mahindi akangoja. Hangemchanganya Chelangat na mtoto wa mwanamke wa omena. Ama angemchanganya, ni mzee, na majina hakuyaweza hata akiwa kijana. Nilisimama na ufunguo mkononi, sijui nimesahauliwa ama nimepimwa. Nikafunga mlango wa gari nikarudi.

Alikuwa bado anachambua. Hakuinua macho.

"Madam," nikasema, na safari hii karani aliacha mizani akasikiliza waziwazi. "Mimi si Chelangat."

"Ni nani basi?"

Nilimtazama usoni nitafute kama anacheza. Sikuona kitu, uso wake ulikuwa uso tu. Nikamtajia jina langu, na la mama yangu.

Alisogeza gunia tupu kwenye benchi ili nipate pa kukaa. "Haya," akasema. "Anza tena."

Nikakaa, nikaanza tena, tangu Jumamosi ya kwanza.